Beijerinck, Mholanzi aliyefungua siri ya vinundu vya maharagi

Kila anayelima maharagi huko Pepa, juu ya milima ya Marungu katika jimbo la Tanganyika, amekwisha kuviona. Unang'oa shina, unakung'uta udongo, na kwenye mizizi unakuta vinundu vidogo, vingine kama punje ya ulezi, vingine kama punje ya mtama. Kuna wanaodhani ni ugonjwa. Kuna wanaodhani ni mayai ya wadudu. Wengi hawavitazami hata mara moja: wanachukua maganda, wanatupa mizizi pembeni ya shamba, wanarudi nyumbani.

Katika vinundu hivyo ndimo maharagi yanamopata sehemu ya mbolea yake bila mkulima kutoa franka hata moja. Mtu wa kwanza kuwatoa wakaaji wa vinundu hivyo na kuwalea peke yao, mbali na mmea, alikuwa Mholanzi aliyeitwa Martinus Willem Beijerinck. Alikufa tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 1931. Hakuoa, hakuzaa, na wanafunzi wake walimwogopa. Lakini kazi yake inamgusa kila mama anayeshusha mfuko wa maharagi kutoka Pepa kuelekea Moba na Kalemie.

Tunasimulia maisha yake kwa sababu jambo alilolianza bado linaendelea, na kwa sababu mkulima asiyelijua anaweza kupoteza pesa na mavuno bila kufahamu chanzo.

Mtoto wa baba aliyefilisika

Beijerinck alizaliwa Amsterdam tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka 1851, akiwa wa mwisho kati ya watoto wanne. Baba yake, Derk, alikuwa mfanyabiashara wa tumbako. Biashara ikaanguka, naye akalazimika kutafuta kazi ya karani katika kampuni ya reli. Nyumba ilikuwa na umaskini wa watu waliowahi kuwa na kitu. Pesa za shule zilikuwa shida, kwa hiyo baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa mtoto wake hapo nyumbani, mpaka Martinus alipofikia miaka kama kumi na miwili.

Alipoingia shule huko Haarlem alijikuta nyuma ya wenzake katika mengi, lakini kwa habari ya mimea hakuna aliyemfikia. Alitembea mashambani na kando ya mifereji akikusanya majani na maua, akiyakausha na kuyapanga. Bado kijana mdogo, alishinda zawadi katika mashindano ya kukusanya mimea ya nchi yake. Tangu hapo njia yake ilijulikana.

Kwa msaada wa mjomba aliyelipa masomo, alikwenda chuo cha ufundi cha Delft kujifunza kemia, akamaliza mwaka 1872. Huko alikuwa rafiki wa kijana mwingine, Jacobus van 't Hoff, ambaye baadaye, mwaka 1901, alikuwa mtu wa kwanza duniani kupewa tuzo ya Nobel ya kemia. Vijana hao wawili walifanya majaribio ya kemia hata katika chumba walimokaa. Mmoja alibaki na kemia. Beijerinck alirudi kwenye mimea, lakini akaja na kemia mkononi. Huo mchanganyiko ndio uliomfanya aone mambo ambayo wengine hawakuyaona.

Swali la vivimbe

Pesa hazikutosha kukaa chuoni tu, kwa hiyo alifundisha. Kwanza alikuwa mwalimu katika shule ya kilimo ya Warffum, kaskazini mwa Uholanzi, kisha Utrecht, na kuanzia mwaka 1876 katika shule ya kilimo ya Wageningen. Msomaji akumbuke jina hilo la Wageningen, tutalirudia mbele.

Mwaka 1877 alipata udaktari katika chuo kikuu cha Leiden. Somo lake lilikuwa vivimbe vya mimea. Sisi wote tumeviona: jani zuri la mti, halafu juu yake kitu cha mviringo kama kipele au kama tunda dogo lisilo tunda. Ukikipasua unakuta funza. Mdudu ametaga yai hapo, na mti wenyewe umemjengea mtoto wa mdudu nyumba na kumwekea chakula.

Beijerinck alijiuliza: ni nani anayeuamuru mti kujenga? Mdudu hana mikono wala vifaa, na nyumba inajengwa na mti, kwa nyama ya mti wenyewe. Kwa miaka mingi alichunguza vivimbe vya mialoni na vya miti mingine. Katika aina moja ya kivimbe, kwenye majani ya mti unaoota kando ya maji, aliona kwamba mdudu anapotaga huacha pia tone la maji ndani ya jani, na kwamba hata yai likiharibiwa, kivimbe huanza kuota. Akakata neno kwamba kuna kitu cha kikemikali kinachotoka kwa mdudu na kuupa mmea maagizo ya kukua kwa namna isiyo ya kawaida yake.

Wakati ule hilo lilikuwa wazo la ajabu. Watu walidhani mmea unakua kwa mpango wake tu, na kitu kingine kikiingia huwa kinaumiza. Beijerinck alikuwa anasema kwamba mmea unasikia, na kwamba kiumbe kingine kinaweza kusema nao kwa kemia.

Kiwandani Delft

Mwaka 1885 maisha yake yaligeuka. Kiwanda cha hamira na pombe kali cha Delft, chini ya mkurugenzi J. C. van Marken, kilimwita akifanyie utafiti. Kiwanda kilimjengea maabara yake. Beijerinck, mtu wa mimea, ilibidi sasa ajifunze elimu ya vijidudu, na hiyo ilikuwa elimu changa: kazi za Louis Pasteur huko Ufaransa na za Robert Koch huko Ujerumani zilikuwa bado mbichi.

Hakuwa na raha. Alikuwa mtu wa kujilaumu. Aliona analipwa vizuri na haleti faida ya kutosha kwa hamira ya kiwanda, na wazo la kuacha kazi lilimjia zaidi ya mara moja. Van Marken alimvumilia na kumwacha afuate maswali yake. Uvumilivu huo wa tajiri mmoja wa kiwanda ndio uliozaa elimu tunayoisimulia hapa.

Kwani jioni na siku za nafasi Beijerinck alirudi kwenye mizizi ya maharagi na njegere. Yeye aliyezoea vivimbe vya majani hakuweza kuvipita vinundu vya mizizi. Zaidi ya miaka mia mbili nyuma, mwaka 1679, Mwitalia Marcello Malpighi alikuwa amevichora na kuvihesabu pamoja na vivimbe vya wadudu. Mwaka 1866 Mrusi Mikhail Woronin aliona ndani yake vitu vidogo mfano wa bakteria. Lakini kuona si kuthibitisha. Wengine walijibu kwamba vile si viumbe hai, ni chembe tu za protini ya mmea.

Mwaka 1888

Mwaka 1886, katika mkutano mjini Berlin, Mjerumani Hermann Hellriegel aliwashangaza wataalamu. Yeye na mwenzake Hermann Wilfarth walipanda shayiri na njegere katika mchanga usio na rutuba. Shayiri ilikua tu kwa kadiri ya mbolea ya azoti iliyowekwa. Njegere katika mchanga uliochomwa moto hadi vijidudu kufa zilidhoofika vilevile. Lakini zilipomwagiwa maji kidogo yaliyopitishwa katika udongo wa shamba, zilitoa vinundu na kustawi bila mbolea. Azoti ilitoka wapi? Ilitoka hewani. Na aliyeichukua alikuwa kiumbe fulani kutoka katika ule udongo.

Hiyo ilikuwa habari kubwa. Hewa tunayovuta ni azoti kwa sehemu 78 kati ya 100, lakini mmea hauwezi kuitumia jinsi ilivyo. Muhindi unaweza kusimama katikati ya bahari ya azoti na majani yake yakawa njano kwa njaa ya azoti. Hellriegel alikuwa amefungua mlango, ila aliyemo ndani hakuwa amekamatwa bado.

Beijerinck ndiye aliyemkamata. Alichukua vinundu, akaviosha vizuri kwa nje ili uchafu wa udongo usiingie, akavipasua, akapaka maji yake juu ya chakula alichokitayarisha mwenyewe. Hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Wengine walitumia supu nono ya nyama, kama walivyozoea kwa vijidudu vya magonjwa. Yeye aliona kwamba kijidudu kinachoishi katika mzizi hakijazoea karamu. Akapika majani ya mmea uleule, akaongeza sukari kidogo, akagandisha. Chakula kikawa hafifu, kama mtu anavyokula nyumbani kwake. Na makundi ya bakteria yakaota.

Mwaka 1888 alitangaza matokeo na kukiita kiumbe hicho Bacillus radicicola, maana yake bakteria mkaaji wa mizizi. Mwaka uliofuata Mjerumani Albert Bernhard Frank alitoa jina linalotumiwa mpaka leo, Rhizobium. Mwaka 1890 Beijerinck alimaliza ushahidi: aliotesha maharagi makubwa ya Ulaya bila vijidudu, akayapa bakteria wake wa maabara, na vinundu vikaota. Wakati huohuo Mpolandi Adam Prażmowski alifikia ushahidi wa namna hiyohiyo kwa njegere.

Biashara haikuchelewa. Mwaka 1896 Wajerumani wawili, Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner, walianza kuuza bakteria hao kwa wakulima chini ya jina Nitragin. Toka siku hiyo mkulima angeweza kununua bakteria kama anavyonunua mbegu.

Mazungumzo ambayo hakuyasikia

Beijerinck alijua bakteria anaingia na mmea unajenga kinundu. Aliamini, kutokana na vivimbe vyake, kwamba viumbe hufundishana kukua kwa vitu vya kemikali. Lakini vifaa vya kusikia mazungumzo yenyewe havikuwepo. Vilikuja zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Na tuliyokuja kuyajua ndiyo haya.

Mmea wa jamii ya kunde unapokosa azoti, mizizi yake hutoa nje kemikali za namna ya zile zinazopaka maua rangi. Bakteria waliopo karibu wanazitambua. Mwaka 1986 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba kemikali moja ya aina hiyo kutoka mmea wa alfalfa huamsha ndani ya bakteria sehemu za urithi zinazohusika na vinundu.

Bakteria akiisha kuamka, anajibu. Anatengeneza ishara yake mwenyewe: mnyororo mfupi wa sukari, mara nyingi vipande vinne au vitano, wenye mkia wa mafuta. Muundo wa ishara hiyo ulitambuliwa mwaka 1990 huko Toulouse, Ufaransa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, sawa na kutupa chembe ya chumvi katika pipa kubwa la maji na bado mmea ukaihisi.

Mzizi unaposikia ishara, mambo yanakwenda haraka. Ndani ya dakika chache chokaa iliyomo katika chembe za mzizi huanza kupanda na kushuka kama mapigo. Baada ya saa chache unyoya wa mzizi hujikunja kama fimbo ya mchungaji na kumfunga bakteria katikati. Kisha mmea unafungua njia nyembamba kama uzi, bakteria wanapita humo kuelekea ndani, na huku ndani chembe za mzizi zimekwisha kuanza kugawanyika kuwaandalia nyumba. Watafiti wa Toulouse walionyesha pia kwamba kwa alfalfa ishara yenyewe peke yake, bila bakteria hata mmoja, inatosha kuufanya mzizi uanze kujenga kinundu. Ni jambo lilelile ambalo Beijerinck alilisema juu ya mdudu na jani: tone la kemikali linatosha kuuamuru mmea.

Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walitambua masikio yenyewe, yaani protini zilizo juu ya chembe za mzizi zinazopokea ishara hiyo. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Ishara ya bakteria huyo rafiki inafanana na vipande vya ganda la kuvu wanaooza mimea. Kwa mmea, rafiki na adui wanabisha mlango kwa sauti karibu moja. Tofauti iko katika mapambo madogo mwishoni mwa mnyororo. Kila aina ya bakteria ina mapambo yake, na kila aina ya mmea ina sikio lake. Ndiyo maana bakteria wa soya hawafai kwa maharagi, na bakteria wa maharagi hawafai kwa soya.

Tumbako yarudi

Tumrudie Beijerinck. Mwaka 1895 chuo cha Delft kilimfanya profesa, na miaka iliyofuata ndiyo iliyomfanya maarufu. Akiwa Wageningen alikuwa amemwona mwenzake, Adolf Mayer, akihangaika na ugonjwa wa tumbako unaochora madoa ya kijani hafifu na kijani iliyoiva kwenye majani. Mayer alionyesha unaambukiza, lakini bakteria wake hawakuonekana. Beijerinck naye alitafuta akakosa. Mtoto wa mfanyabiashara wa tumbako aliyefilisika hakuliacha swali hilo.

Mwaka 1898 alitangaza kwamba alipitisha maji ya majani magonjwa katika kichujio cha kauri kinachozuia bakteria wote, na bado maji yaliyotoka yaliambukiza. Tena, yaliongezeka ndani ya mmea hai, hasa katika sehemu changa zinazokua. Mrusi Dmitri Ivanovsky alikuwa ameona jambo la kichujio mwaka 1892, na Beijerinck alipoambiwa alikiri kwamba mwenzake alitangulia. Lakini Ivanovsky aliendelea kudhani ni bakteria au sumu yake. Beijerinck alisema ni kitu cha aina nyingine kabisa, na akatumia neno virusi. Wengi hawakumwamini mpaka yeye mwenyewe akazeeka.

Kwetu jambo hilo si la mbali. Ule ugonjwa wa mozaiki unaokunja majani ya mihogo na kuharibu sombe na mizizi, ambao ulielezwa kwa maandishi mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, unaletwa na virusi.

Mwaka 1901 aliongeza jambo jingine: alieleza bakteria wanaoishi huru katika udongo, wasiohitaji mzizi wowote, ambao nao hukamata azoti ya hewa. Aliwaita Azotobacter. Aliwapata kwa njia aliyoiendeleza yeye mwenyewe: kutayarisha chakula ambacho kiumbe unayemtafuta tu ndiye anayeweza kuishi nacho, kisha kutia udongo kidogo na kungoja. Chakula kisicho na azoti kinawafukuza wote ila wale wanaojitafutia azoti hewani. Njia hiyo inafundishwa katika vyuo mpaka leo.

Mwalimu mkali, mzee mpweke

Tusimfanye malaika. Waliomjua wanakubaliana kwamba alikuwa mtu mgumu. Aliwatukana wanafunzi walioshindwa kazi ya maabara. Kijana aliyetaka kuoa alijua profesa hatafurahi, kwa kuwa Beijerinck aliona ndoa inamwondolea mtafiti muda. Vipindi vya huzuni vilimshika mara kwa mara. Vijana wengi wenye akili walipita mbele yake na wachache tu walibaki.

Upande mwingine, aliishi na dada zake wawili wasioolewa, na hakuwatenga na kazi. Dada yake Henriëtte, aliyekuwa na kipaji cha kuchora, alimtengenezea picha kubwa za ukutani za kufundishia. Heshima nazo zilikuja: mwaka 1905 chuo cha sayansi cha Uholanzi kilimpa medali ya Leeuwenhoek, inayotolewa mara moja tu kila miaka kumi. Tuzo ya Nobel hakuipata.

Mwaka 1921, alipofikia miaka 70, sheria ilimtaka apumzike. Kwa mtu ambaye hakuwa na maisha nje ya maabara, hilo lilikuwa pigo. Alihamia kijiji cha Gorssel pamoja na dada zake, na huko, akiwa na bustani, alirudi kwenye mapenzi yake ya utotoni: mimea. Miaka kumi baadaye, siku ya mwaka mpya wa 1931, akafariki.

Kutoka Wageningen hadi Kivu

Shule ya kilimo ya Wageningen, ambapo Beijerinck alifundisha akiwa kijana, ilikua na kuwa chuo kikuu. Mwaka 2009 chuo hicho kiliongoza mradi uitwao N2Africa, wa kuwasaidia wakulima wadogo wa Afrika kutumia bakteria wa vinundu. Kongo ilikuwa kati ya nchi nane za kwanza, na kazi ilifanyika katika Kivu ya Kusini. Nchini Kenya, chuo kikuu cha Nairobi kilitengeneza unga wa bakteria unaouzwa kwa jina Biofix. Mkulima anaupaka juu ya mbegu kabla ya kupanda.

Kwa Pepa maana yake ni hii. Mbolea ya kiwandani inafika mbali, na kila kilima cha barabara ya Marungu kinaongeza bei ya mfuko. Barabara ikikatika kwa mvua au kwa usalama mbovu, mfuko haufiki kabisa. Bakteria wa udongo hawangoji lori. Lakini wana masharti yao, na mkulima anayeyajua anafaidika.

Sharti la kwanza: chagua bakteria wa mmea wako. Mtu akikuuzia pakiti ya soya kwa ajili ya maharagi, pesa yako imekwenda bure, kwa sababu ishara haitasikika. Na pakiti hiyo ina viumbe hai: jua na joto vinawaua. Iwekwe kivulini, mbegu zipakwe na kupandwa siku ileile, wala zisichanganywe na mbolea ya kiwandani au dawa ya kuua kuvu.

Sharti la pili: udongo wenye asidi nyingi unavuruga mazungumzo. Kemikali hazitoki vizuri, bakteria wanakufa, unyoya wa mzizi haujikunji. Majivu ya jikoni au chokaa hupunguza asidi. Fosforasi nayo ni lazima, kwani kinundu kisicho na fosforasi hakifanyi kazi, hata bakteria wawe wengi namna gani.

Sharti la tatu: usizidishe urea kwenye maharagi. Mmea ulioshiba azoti hufunga mlango. Kuwalisha bakteria kunaugharimu sukari, kwa hiyo ukiona azoti iko bure udongoni haujisumbui kujenga vinundu.

Pia tuseme ukweli: maharagi ya kawaida si hodari kama soya au karanga katika kukamata azoti. Yanasaidia shamba, ila hayawezi kulirudishia kila kitu kilichochukuliwa. Samadi ya ng'ombe wa Marungu bado inahitajika, na mabaki ya mimea baada ya kupura yasichomwe moto, kwa sababu azoti yake inarudi hewani na moshi. Yarudishwe shambani au wapewe ng'ombe.

Jaribio la dakika tano

Si lazima mtu awe na maabara ya Delft ili ajue kama bakteria wake wanafanya kazi. Maharagi yanapoanza kutoa maua, usivute shina, maana vinundu hukatika na kubaki udongoni. Chimba kwa jembe kuzunguka mmea, inua na udongo wake, oshea mizizi kwenye ndoo ya maji. Tafuta vinundu, kisha kata kimoja katikati kwa ukucha au wembe.

Ukiona rangi ya waridi au nyekundu kama damu hafifu, kinundu kinafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na kitu kinachofanana na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake ni kulinda mitambo ya bakteria isiharibiwe na oksijeni. Ukiona nyeupe au kijani, kinundu kimelala au kimezeeka. Usipoona kinundu hata kimoja, shamba lako halina bakteria wanaofaa, au udongo wako umewanyamazisha. Basi zungumza na agronomu wa eneo lako kabla ya kununua chochote.

Rudia kwenye mashina matano au sita, sehemu mbalimbali za shamba, na uandike ulichoona katika daftari. Mwaka ujao, baada ya kutia majivu au samadi, kata tena vinundu na ulinganishe rangi.